Asiyeandika Hayupo

Hotuba kwa wanafunzi wapya wa kozi za uandishi za vyuo zinazosomwa mtandaoni, Tanga mjini

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Wazee wangu mliokaa hapa mbele, shikamooni. Wenzangu, habari za mchana. Nanyi vijana mliojibanza pale mlangoni, sogeeni, viti vipo. Leo haitwi mtu ubaoni.

Mwalimu wa uandishi akipewa kipaza sauti hapa Tanga, watu hungoja aanze na yule mshairi wetu aliyelala Machui, Shaaban Robert. Leo namwacha apumzike. Aliandika makubwa, lakini hakuwahi kusahau neno la siri usiku wa kukusanya kazi, na hayo ndiyo yatakayowakuta nyie.

Nimezunguka kidogo kabla ya kupanda hapa, nikawauliza mnasoma wapi. Wengi mko Chuo Kikuu Huria. Wachache mmejiunga na vyuo vya Uingereza na Marekani bila kuvuka hata Pongwe. Kuna nesi, kuna walimu wa shule za msingi, kuna baba wa bandarini, kuna mama lishe wa Ngamiani ambaye ameniambia atasoma watu wakishakula na vyombo vikishaoshwa. Na karibu wote mmeniuliza swali lilelile: "Mwalimu, hiki Kiingereza changu kitatosha kweli?"

Mna haki ya kuuliza. Wengi wetu tulisoma miaka saba kwa Kiswahili, tukaingia kidato cha kwanza, asubuhi moja kila somo likageuka Kiingereza na hakuna aliyetuuliza tumelalaje. Hofu ile mtu hufika nayo mpaka chuo. Lakini niwaambie ninachokiona mimi ninayesahihisha kazi hizi. Kiingereza kibovu nakiona, nakizungushia, mwenyewe anarekebisha, tunasonga mbele. Anayenishinda ni yule ambaye sina cha kumsahihishia. Jina lake limo kwenye orodha, ada kalipa, wiki ya tatu imeingia na hajaandika neno. Sijui kama anaumwa, kama kaacha, au kama anaingia kila usiku, anasoma kila kitu kimyakimya, akingoja Kiingereza chake kiive kwanza.

Darasani pale Usagara au Galanos ungeweza kukaa dawati la nyuma muhula mzima bila kufungua mdomo, na mwalimu akajua upo. Akipita anaona daftari limeandikwa nusu, anaona umekunja uso, anajua hapa hujaelewa. Kwenye kozi ya mtandaoni hakuna uso wala dawati. Mtambo unaweka kumbukumbu kwamba uliingia saa fulani ukatoka saa fulani, lakini wenzako hawaioni, na mwalimu mwenye wanafunzi tele haikagui kila siku. Kinachobaki cha kukuonyesha ni maandishi yako. Asiyeandika hayupo. Mengine yote nitakayosema mchana huu yanatoka hapo.

Kusoma na mtu usiyemwona si jambo la jana. Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa watu wa mbali tangu 1858. Nelson Mandela alipata shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, Unisa, mwaka 1989, angali mfungwa. Chuo Kikuu Huria chetu kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na mafunzo yakaanza 1994, zama ambazo intaneti ilikuwa bado haijafika majumbani mwetu. Na kabla ya hayo yote ya kwetu, mwanzoni mwa karne ya 20, Shule ya Tanga ya serikali ya Wajerumani ilikuwa ikichapa gazeti la Kiswahili, Kiongozi. Walimu na makarani waliopangiwa vituo vya mbali waliliandikia, wakapeleka habari za huko waliko. Wahariri hapa Tanga wengi wao hawakuwahi kuwatia machoni. Mwalimu wa kituo fulani huko bara tunajua alikuwepo kwa sababu alituma barua. Jirani yake aliyekaa kimya hatuna habari naye.

Haya, wiki ya kwanza.

Siku kozi inapofunguliwa, ingia siku hiyohiyo, hata kama hakuna cha kusoma. Utakuta vijambo vya kuudhi: neno la siri limekataa, majina yako yamegeuzwa la mwisho limekuwa la kwanza, barua pepe ya chuo haifunguki, ukurasa kwenye simu umekatika upande wa kulia na kitufe unachokitaka ndiko kiliko. Yakikukuta siku ya kwanza utacheka. Yakikukuta usiku wa kukusanya insha utalia. Vyuo vingi vinatumia Moodle, mfumo uliotoka mara ya kwanza mwaka 2002, nao una programu yake ya simu inayokuruhusu kupakua masomo ukayasoma bila bando, kama chuo chako kimeiruhusu. Ipakue ukiwa kwenye waifai ya watu. Video zinakula bando, na nyingi zinarudia yaliyokwisha andikwa, kwa hiyo anza na maandishi. Umeme mnaujua wenyewe, sina la kuongeza ila kwamba pawabenki ijazwe siku moja kabla.

Kisha soma mwongozo wa kozi, kalamu mkononi. Kuna watu humu wanaijua ratiba ya Coastal Union mpaka mechi ya mwisho, ukiwauliza insha ya kwanza ina alama ngapi wanakodoa macho. Tafuta kazi ipi inabeba alama nyingi, kuchelewa siku moja kunakatwa kiasi gani, mwalimu anapatikana kwa njia gani na huchukua muda gani kujibu, na kozi inasema nini juu ya kutumia akili bandia. Yaandike kwenye karatasi, yabandike unapoweza kuyaona kila siku, hata kama ni mlango wa kabati la vyombo.

Kazi ya kwanza karibu katika kila kozi ya namna hii ni kujitambulisha kwa wenzako. Wengi huichukulia kama salamu, wakaandika: "Naitwa fulani, natoka Tanga, Tanzania. Nimefurahi kujiunga nanyi. Naomba ushirikiano." Halafu hao wakaondoka. Hakuna kosa hata moja ndani yake, na hakuna mtu pia. Ungeitoa Tanga ukaweka Mtwara, sentensi isingeshtuka. Sasa tuseme nesi wetu, dada uliyekaa karibu na feni, ameandika hivi:

"Nafanya kazi wodi ya wazazi, mara nyingi zamu ya usiku. Kila alfajiri naandika taarifa ya kukabidhi zamu: nani kajifungua, nani presha imepanda, nani aangaliwe kila nusu saa. Mistari mifupi, na maoni yangu hayana nafasi. Nimejiunga kwa sababu nimetakiwa niandike andiko la kuombea fedha za chumba cha kupumzikia akina mama wanaongoja kujifungua, na nimekwama ukurasa wa kwanza. Kutetea jambo kwa maandishi sijawahi."

Mwalimu akisoma hapo ameshajua pa kuanzia. Anajua huyu huandika kwa ufupi na hakosei vitu muhimu, jambo ambalo wengine litawachukua muhula mzima. Anajua linalompungukia ni kutetea hoja. Na kama kuna mwenzake mwingine wa hospitali kwenye kozi ileile, awe Accra au Manila, atamjibu kabla ya jua kuchwa. Nesi wetu ameshapata mtu wa kumuuliza siku akikwama. Tena bila kujua, ameshaandika aya yake ya kwanza ya chuo, na ni nzuri.

Hapa niseme jambo linalotuhusu sisi watu wa pwani hasa. Tumelelewa kwamba mtu hatoi shida yake puu. Unapiga hodi, unakaribishwa, unauliza za nyumbani, za watoto, miguu ya mzee inaendeleaje, mnaisifu mvua au mnailaumu, na jambo lililokuleta unalitoa ukiwa umeshaaga. Huo ni ustaarabu, mimi siuachi na sitaki muuache. Lakini insha ya chuo, hasa ya Kiingereza, inamtaka mwandishi aseme alichokuja nacho angali kizingitini. Msomaji wake ana rundo la kazi nyingine mbele yake. Akifika ukurasa wa pili hajajua unataka nini, subira yake inaisha na alama zako zinaanza kwenda nayo. Kwa hiyo zunguka mbuyu upendavyo kwenye rasimu ya kwanza, maana mara nyingi kuzunguka huko ndiko kunakokufikisha kwenye hoja. Ukishaipata, ipandishe juu, na mbuyu uuache ulipo.

Barua kwa mwalimu ni hivyohivyo. Nazipokea nyingi za namna hii: "Mambo mwalimu, za siku. Samahani kwa usumbufu. Sijaelewa asaimenti. Naomba msaada wako." Itajibiwa, lakini kwa swali: asaimenti ipi, na hujaelewa nini? Siku mbili zimekwenda. Linganisha na hii: "Habari za asubuhi mwalimu. Mimi ni fulani, wa kundi la Jumanne. Zoezi la 2 linatutaka tulinganishe makala mbili. Nimezisoma zote. Je, niimalize moja ndipo niende ya pili, au niziweke pamoja hoja kwa hoja? Aya yangu ya kwanza nimeiambatisha." Salamu imo, adabu imo, na mwalimu anaweza kuijibu kwa mstari mmoja akiwa ndani ya daladala.

Sasa saa. Miongozo ya kuanzia chuo inayoandikwa ughaibuni hailigusi hili, kwa sababu wao haliwahusu. Sisi linatuhusu mno.

Kozi itakuandikia kwamba mwisho wa kukusanya ni Ijumaa, 11:59 PM. Kwa saa zetu ni saa tano na dakika hamsini na tisa usiku, imebaki dakika moja igonge sita. Hapo hakuna shida. Shida ni pale wanapoandika Ijumaa, 12:00 AM. Mtu anasoma Ijumaa, saa sita, akajipangia Ijumaa nzima: mchana ataswali, jioni ataandika, usiku atatuma. Hana Ijumaa. Kwa hesabu yao, 12:00 AM ya Ijumaa ndiyo saa sita ya usiku wa kuamkia Ijumaa. Alhamisi umekula chakula cha usiku, unatandika kitanda, na muda ndio huo unakatika. Wazee mlioko hapa mtalielewa hili haraka kuliko wajukuu zenu, kwa kuwa kwenu nyie usiku wa Ijumaa huanza Alhamisi jua likishazama. Kwa mara moja kompyuta na babu wamekubaliana.

Kama chuo kiko nje, hesabu inaongezeka. Saa tano na dakika hamsini na tisa usiku ya London, hapa ni saa nane na dakika hamsini na tisa usiku wakati wa baridi yao, na wakati wa kiangazi chao ni saa saba na dakika hamsini na tisa. Ya New York inatukuta kumeshapambazuka: saa moja na dakika hamsini na tisa asubuhi wakati wa baridi, au saa kumi na mbili na dakika hamsini na tisa wakati wa kiangazi. Tena wenzetu hao husogeza saa zao katikati ya mwaka. Marekani huzisogeza mbele mwezi Machi na kuzirudisha Novemba, kwa hiyo anayesoma muhula unaoanza Januari, ikifika Machi anapunjwa saa nzima na hakuna wa kumpigia simu kumwambia. Dawa yake ni ndogo: ingia kwenye wasifu wako ndani ya Moodle, pale pa kuchagua majira ya saa, weka Africa/Dar_es_Salaam. Kuanzia hapo tarehe zote zitakuja kwa saa za hapa. Ila zile alizoandika mwalimu kwa mkono ndani ya tangazo hazitabadilika, hizo uzihesabu mwenyewe.

Na ukishapakia faili usikimbilie kuzima simu. Rudi kwenye ukurasa wa zoezi, soma palipoandikwa hali ya kazi yako. Kama pana neno Draft, kazi iko kwako, haijafika. Kuna kitufe cha mwisho hujakibonyeza. Mpaka uone Submitted ndipo ulale. Watu wameshakosa alama za insha nzuri kabisa kwa kitufe hicho kimoja.

Tuje kwenye kuandika kwenyewe. Nyie ni watoto wa mkoa wa mkonge. Mnajua jani likiingia korona, ile mashine ya kuchambua mkonge, singa, yaani nyuzi, inayotoka ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake, kilichobaki ni maji na makapi, na hakuna mwenye shamba anayekaa chini kulia kwamba jani limemdhulumu. Rasimu ya kwanza ni jani. Wanaoanza hutaka watoe singa bila kupitisha jani: sentensi ya kwanza ing'ae kabla hawajaandika ya pili. Mtu anakesha na mistari mitatu, anafuta, anaandika, anafuta. Asubuhi hana kitu, na anasema yeye hana kipaji.

Nitoe mfano. Mwanafunzi mmoja alitakiwa aandike juu ya badiliko aliloliona mtaani kwake. Akaanza hivi: "Usafiri ni muhimu sana katika maisha ya kila siku ya binadamu. Kuna aina nyingi za usafiri, kama vile usafiri wa majini, wa angani na wa nchi kavu." Aya tatu zikaenda kwa mwendo huo, ndege zikaruka, meli zikatia nanga. Aya ya nne, nadhani ameshachoka kujitahidi, akaandika: "Fundi baiskeli wa barabara yetu siku hizi anatengeneza pikipiki. Spoku zimening'inia ukutani zimeshika kutu, na kijana wake hajui kunyoosha rimu."

Hapo ndipo insha ilipoanza. Tanga ni mji wa baiskeli, kila mtu anayeufahamu anajua. Kwa hiyo fundi baiskeli akibadili kazi kuna jambo. Nilimwambia azifute zile aya tatu. Alinuna, ndege zake alizipenda. Kisha nikamtuma kwa fundi akamuulize kwa nini. Fundi akamwambia vijana siku hizi wanapewa bodaboda kwa mkataba, wanalipa kidogokidogo, nani atakuja kuziba pancha ya baiskeli? Akarudi akaandika: "Kilichomhamisha fundi wetu si kwamba vijana wamepata fedha za kununua pikipiki, ni kwamba pikipiki sasa anapewa hata asiye na fedha."

Isikilizeni sentensi hiyo. Unaweza kuibishia. Mtu anaweza kusimama akasema hapana, ni barabara zimekuwa ndefu, mji umepanuka, nani atapiga pedeli kutoka Pongwe? Na mwandishi itabidi amjibu kwa ushahidi. "Usafiri ni muhimu" nani ataibishia, na kwa faida gani? Walimu wenu wakisema wanatafuta hoja kuu, wanachotafuta ni sentensi ambayo mtu mwenye akili zake anaweza kuikataa, na wewe ukawa na cha kumwambia. Ukishaipata, kila aya uiulize inaisaidia nini. Isiyosaidia inatoka, hata kama ina ndege.

Insha ile aliipanga kwa Kiswahili kwenye daftari, mishale na mikwaju kila mahali, ndipo akaiandika kwa Kiingereza. Inaruhusiwa. Hakuna mwalimu anayesahihisha lugha uliyofikiria. Na alipoiandika alitumia sentensi fupi. Kuna imani imeenea kwamba Kiingereza cha chuo ni maneno marefu, kwa hiyo mtu anachimba kamusi anatoka na neno ambalo hata mwalimu hulitumia mara moja kwa mwaka. Sentensi ya Kiingereza usiyokuwa na hakika nayo ikate vipande viwili. Makosa mengi hukaa pale ulipojaribu kuviunga.

Baada ya rasimu, kozi nyingi zinataka msomeane. Hapa tena malezi yetu mazuri yanatuponza. Mtanzania akipewa kazi ya mwenzake huandika: "Kazi nzuri, hongera sana, Mungu akubariki." Mwenzako amebarikiwa lakini hajui afanye nini kesho. Si lazima umsahihishe, na kama unaona haya kumkosoa mtu usiyemjua, usimkosoe. Mwambie tu kilichokupata ulipokuwa unasoma. "Nilipofika aya ya tatu nilipotea, sikujua fundi ni mfano au ndiye mada yenyewe." "Ile ya spoku ukutani niliiona kabisa." "Umesema mkataba mara mbili lakini mimi siko Tanzania, sijui unakuwaje." Maneno hayo hayamvunjii mtu heshima, na ni mali. Tena ukiyaandika wewe unaonekana upo.

Marejeo nayapita haraka, maana ni kazi ya kufuata kanuni tu. Kozi itakuambia utumie APA au MLA, mitindo miwili ya kuandika vyanzo. Toleo la saba la APA ni la 2019, la tisa la MLA ni la 2021, na mifano yake mingi iko bure kwenye kurasa za Purdue OWL, kituo cha uandishi cha Chuo Kikuu cha Purdue ambacho kiko mtandaoni tangu 1994. Andika chanzo palepale unapokitumia. Kukitafuta baadaye ndiko kunakokula usiku.

Vyuo vingi hupitisha kazi kwenye Turnitin, inayolinganisha maandishi yako na yaliyopo kwingine na kutoa asilimia ya kufanana. Asilimia hiyo si hukumu. Kazi yenye 30 inaweza kuwa safi, kufanana kote kukawa ni nukuu na orodha ya marejeo. Yenye 5 inaweza kuwa na aya nzima ya mtu. Na kubadili maneno matatu katika sentensi ya mwenzako ukaacha mifupa yake ni kuichukua vilevile. Funga chanzo, eleza kwa maneno yako kama unamsimulia mtu wa nyumbani, kisha kifungue uone kama umemsingizia, na bado umtaje.

ChatGPT, akili bandia inayoandika, ilipotoka Novemba 2022 wengi walidhani kozi za namna hii zimekufa. Hazijafa. Vyuo vimeachana njia: kuna vinavyokuruhusu kuitumia kupanga mawazo mradi useme, kuna vinavyokataza kabisa, na wakati mwingine walimu wawili wa chuo kimoja hawafanani. Ndiyo maana nilisema mlitafute jambo hili kwenye mwongozo siku ya kwanza. Mnajua au mtajua kwamba ChatGPT hubuni marejeo, ikakupa kitabu chenye jina zuri na mwaka wake, ukienda kukitafuta hakipo duniani. Lakini langu mimi si hilo wala adhabu. Nimeshasema maandishi ndiyo mahudhurio. Ukimpa mwingine akuandikie, aliyehudhuria ni yeye, na wewe wiki ya nane nesi mwenzako wa Accra atakuuliza swali juu ya andiko lako na hutakuwa na jibu. Kwa anayeandika mwenyewe na anaogopa kusingiziwa: andikia kwenye Google Docs, inahifadhi historia ya kila mabadiliko. Siku ukitiliwa shaka, unaonyesha jani, makapi na singa.

Bado moja, na ni la nyumbani. Anayesoma kwa kitabu anaonekana anasoma. Anayesoma kwa simu anaonekana anachati. Mama mkwe akikukuta umeinamia simu saa nzima na sufuria inaungua, hatajua kwamba upo darasani. Hasa akina mama na akina dada, waambieni watu wa nyumbani mapema, kwa kinywa chenu, siku gani na saa ngapi. Wengine wameona bora wakae mezani na daftari wazi mbele yao, hata kama kila kitu kiko kwenye simu, ili watoto waone kuna kazi. Nanyi akina baba, mkeo akisema anasoma, chai chemsha mwenyewe.

Maswali mtaniuliza mmoja mmoja, kwa sababu kwanza kuna kazi. Neno la siri la waifai liko ubaoni, herufi zote ndogo. Soketi ziko ukuta wa kushoto. Fungueni kozi zenu, kila mtu aandike utambulisho wake sasa hivi: sentensi tano, ndani yake kazi unayofanya, kitu unachoandika kila siku hata kama ni orodha ya madeni ya wateja, na jambo moja unaloliogopa kwenye kozi hii. Dada nesi, usiunakili ule wangu, wa kwako utakuwa mzuri zaidi. Ambaye kozi yake haijafunguliwa aandikie kwenye karatasi anipe mimi. Chai, mandazi na mihogo viko nyuma, na mama anayegawa nimeshamwambia asimpe mtu kikombe kabla hajaonyeshwa kwamba imetumwa.